Juni Kinoru: Kazi ya Anayekujazia Ritani, na Swali Asilofaa Kuliruka

Mwezi wa Juni ukifika, saiba za Kinoru hubandika madirishani matangazo ya kujaza ritani za KRA, na foleni ambazo hazikuonekana tangu Januari huanza kutokea milangoni. Mwaka wa 2025 siku ya mwisho, Juni 30, ilikuwa Jumatatu. Kwa hivyo Jumamosi na Jumapili zilizoitangulia ndizo zilizotarajiwa kuwa na msongamano, maana hapo ndipo aliyeajiriwa hupata nafasi na kukumbuka kwamba bado hajawasilisha ritani ya mapato yake ya mwaka uliotangulia.

Sheria inampa kila mwenye PIN iliyo na wajibu wa ushuru wa mapato miezi sita, kuanzia Januari 1, kuwasilisha ritani hiyo. Wengi huitumia wiki ya mwisho pekee. Kazi ya nusu mwaka humwangukia mjazaji wa ritani ndani ya siku kumi hivi, na ni katika siku hizo ambapo hufanyika makosa yanayomgharimu mkazi maelfu ya shilingi, mara nyingi bila yeye kujua. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, ili anayeketi upande wa pili wa meza ajue la kutarajia na la kukataa. (Kinoru inayozungumziwa ni ya hapa mjini Meru, penye uwanja wa michezo, wala si Kinoro ya kiwanda cha chai. Kila mara kuna anayeuliza.)

"Yule wa KRA" asiye wa KRA

Wateja wake humwita kwa majina mengi. Kuna wanaomwita wakala, kuna wanaomwita mtu wa saiba, na kuna wazee wanaomwita "yule wa KRA" ingawa hajawahi kuajiriwa na KRA hata siku moja. Kwa kawaida ni mtu anayejitegemea: ana meza, kompyuta moja au mbili, printa, na uzoefu alioupata kwa kujaza ritani za watu tangu mamlaka hiyo ilipoachana na fomu za karatasi na kuhamia mfumo wa iTax takriban mwongo mmoja uliopita. Baadhi wamesomea uhasibu. Wengine wamejifunza kazi kwa kuitenda.

Januari hadi Mei, ushuru si kazi yake kubwa. Anapiga chapa barua, anajaza maombi ya HELB, anawasaidia watu kwenye eCitizen, anatoa nakala za vitambulisho. Juni ndio msimu wake wa mavuno, na kama mavuno yoyote yale, kinachopatikana katika wiki chache ndicho kitakachosukuma miezi inayofuata. Ada yake kwa ritani isiyo na mapato mara nyingi huanzia shilingi mia moja au mia mbili. Kwa ada hiyo, mtu anayetaka siku yake iwe na maana lazima ahudumie wateja wengi. Hapo ndipo penye kishawishi: ritani ya sufuri humalizwa kwa dakika chache, ilhali ritani yenye mapato inaweza kumshika saa nzima.

Kisheria, neno wakala wa ushuru lina maana yake maalum. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015 inamtaka anayefanya kazi ya uwakala wa ushuru awe na leseni, na aliye na leseni huteuliwa na mlipaji ndani ya iTax kisha akatumia akaunti yake mwenyewe ya uwakala. Ukurasa wa kwanza wa iTax una sehemu ya kukagua kama mtu ameidhinishwa, na kuitumia hakuhitaji kuingia kwenye akaunti. Wengi wanaofanya kazi hii mitaani hawana leseni hiyo. Wanachofanya ni kuingia kwenye akaunti ya mteja kwa PIN na nenosiri la mteja mwenyewe, mteja akiwa ameketi hapo. Mbele ya KRA, basi, aliyejaza ni mteja. Ritani ikiwa na uongo, barua itamfuata mwenye PIN. Aliyebonyeza vitufe hatajulikana.

Kizingiti cha kwanza: kuingia

Anayedhani kazi ya mjazaji wa ritani ni hesabu atashangaa kuona jinsi muda wake mwingi unavyoishia mlangoni. iTax humtaka mtu aandike PIN, kisha nenosiri, kisha ajibu hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa. Hesabu hiyo ya mtoto wa shule haimshindi yeyote. Nenosiri ndilo tatizo.

Mteja alilitumia mara ya mwisho Juni iliyopita. Amelisahau, au aliliandika kwenye simu iliyopotea. Mfumo una njia ya kuomba jipya, lakini hulituma kwa barua pepe iliyosajiliwa pamoja na PIN. Na barua pepe ile ni ya nani? Watu wengi walifunguliwa PIN miaka mingi iliyopita na mhudumu wa saiba fulani, pengine wakiwa wanafunzi wanaotafuta mkopo wa HELB, na mhudumu akatumia anwani aliyoitunga papo hapo, au mbaya zaidi, anwani yake mwenyewe. Leo mhudumu huyo ameshahama, saiba imekuwa kinyozi, na mkazi hana namna ya kuifikia akaunti yake. Lazima aende ofisi ya KRA ya hapa Meru au dawati la mamlaka hiyo katika Huduma Centre, akiwa na kitambulisho chake cha kitaifa, abadilishiwe anwani. Hilo ni jambo la kufanya Februari, si Juni 28 foleni ikiwa imezunguka jengo.

Mjazaji mwangalifu hutumia nafasi hii kumfungulia mteja barua pepe ya kwake mwenyewe, akamwonyesha jinsi ya kuifungua kwenye simu, na akageuza uso mteja anapoandika nenosiri jipya. Asiyejali huweka daftari. Daftari hilo, lenye majina, PIN na nenosiri za nusu ya mtaa, lipo kwenye meza nyingi na wateja wenyewe hulipenda, kwa sababu mwaka ujao hawatahitaji kukumbuka chochote. Ni urahisi wenye bei. Ndani ya akaunti ya iTax kuna jina lako kamili, namba ya kitambulisho, mwajiri wako, mshahara wako, na pengine akaunti yako ya benki. Mwenye daftari anaweza kuwa mwaminifu kama mchungaji. Daftari lenyewe linaweza kuibwa na mtu asiye mwaminifu. Kama nenosiri lako limeandikwa mahali popote nje ya nyumba yako, libadilishe.

Swali lenyewe

Baada ya kuingia, mjazaji huuliza. Katika maswali yake yote kuna moja linalotenganisha ritani sahihi na ritani ya balaa, na tofauti yake ni ya wakati tu.

Anayefanya kazi kwa haraka huuliza: "Unafanya kazi?" Mteja hujibu, "Hapana," na papo hapo hujaziwa ritani ya sufuri.

Anayeijua kazi yake huuliza: "Mwaka jana, kuanzia Januari hadi Desemba, kuna mwezi wowote uliolipwa na mtu?"

Ritani inayojazwa Juni haihusu Juni hiyo. Ile ya Juni 2025 ilihusu mwaka wa 2024. Chukua mfano wa kijana aliyefanya kazi katika duka la jumla mjini kuanzia Januari hadi Juni 2024, mshahara wake unaotozwa ushuru ukiwa shilingi 40,000 kwa mwezi, kisha akaachishwa kazi na hajapata nyingine hadi leo. Viwango vya mwezi vya mwaka wa 2024 vilikuwa asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa shilingi 8,333 zinazofuata, na asilimia 30 kwa kinachozidi hapo hadi 500,000. Ukijumlisha na kuondoa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400, mwajiri alimkata takriban shilingi 4,383 kila mwezi. Kwa miezi sita, hizo ni kama 26,300.

Lakini ushuru wa mapato huhesabiwa kwa mwaka. Kwa mwaka mzima kijana huyu alipata 240,000. Asilimia 10 ya hizo ni 24,000, na nafuu ya kibinafsi ya mwaka ni 28,800. Nafuu imeuzidi ushuru. Hakustahili kukatwa chochote, na zile 26,300 ni zake. Anaweza kuziomba kwa kujaza mapato yake yote, kuambatisha maelezo ya P9, kuandika akaunti yake ya benki kwenye ritani na kuwasilisha ombi la kurejeshewa. Sheria inampa miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa kufanya hivyo. Huchukua muda, na KRA huweza kuitisha stakabadhi kabla ya kulipa, lakini ni haki yake.

Akijaziwa ritani ya sufuri, amekana kwa maandishi kwamba aliwahi kupata mapato hayo. Pesa zake amezitupa, na juu ya hayo ritani yake inapingana na orodha ambayo mwajiri aliituma KRA kila mwezi ikiwa na PIN yake. Yote hayo kwa sababu mtu aliulizwa "unafanya" badala ya "ulifanya".

Kazi mbili, nafuu moja

Mfano wa pili huelekea upande mwingine, na ndio unaowatoa watu jasho mezani. Fikiria muuguzi mwenye ajira katika hospitali inayomlipa mshahara unaotozwa ushuru wa 30,000, na ambaye jioni na wikendi ameajiriwa na kliniki inayomlipa 20,000. Hospitali inamkata 1,500 kwa mwezi. Kliniki haimkati kitu, kwa sababu asilimia 10 ya 20,000 ni 2,000, na nafuu ya 2,400 inaimeza yote. Kila mwajiri amehesabu kana kwamba mwenzake hayupo, na kila mmoja ametoa nafuu ambayo sheria humpa mtu mara moja tu.

Ritani inaunganisha hizo mbili. Mapato ya mwaka ni 600,000. Ushuru wake, baada ya nafuu moja ya 28,800, ni 88,600. Aliokatwa ni 18,000. Anadaiwa 70,600, kabla ya nafuu nyingine ndogo anazoweza kustahili.

Hapa ndipo mteja husema, "Basi niwekee ile P9 ya hospitali tu." Mjazaji mwenye busara hukataa, na hukataa kwa sababu isiyo ya kidini: kliniki nayo huenda ilimwandikisha KRA kwa PIN ile ile. Ritani inayoficha mwajiri wa pili ni rahisi kugunduliwa na kompyuta. Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha. Malipo ya ushuru uliobaki yalifaa kufika Aprili 30. Anayelipa sasa tayari ana adhabu ya asilimia 5 ya ushuru aliochelewesha, yaani 3,530 kwa muuguzi wetu, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, yaani 706. Anayeshindwa kulipa kwa mkupuo anaweza kuiomba KRA mpango wa kulipa kidogo kidogo. La kumsaidia mwaka ujao ni jepesi kuliko yote: aieleze kliniki kwamba ana mwajiri mwingine anayempa nafuu, ili ikate ushuru kamili kila mwezi.

Sufuri ya ushuru si sufuri ya mapato

Mama mwenye kibanda cha nguo Gakoromone humwambia mjazaji kwamba biashara ni ndogo na hana ushuru wa kulipa. Pengine ni kweli. Faida yake ya mwaka ikiwa 200,000 na hana mapato mengine, ushuru wake ni 20,000, na nafuu ya 28,800 inauondoa wote. Hata hivyo ritani yake haipaswi kuwa ya sufuri. Inapaswa kuonyesha mauzo, gharama, faida, na mwishoni ushuru wa sufuri. Ni vitu viwili tofauti, na mkopo wa benki au zabuni ya vijana na akina mama hutofautisha haraka sana kati ya mtu aliyeandika kwamba alipata 200,000 na mtu aliyeandika kwamba hakupata chochote kwa miaka minne mfululizo.

Mauzo yakizidi milioni moja kwa mwaka mambo hubadilika. Milioni moja inasikika kubwa, lakini ukiigawa ni kama shilingi 2,740 za mauzo kwa siku, kila siku ya mwaka. Duka la rejareja la kawaida hufika hapo bila mwenyewe kuhisi. Kuanzia milioni moja hadi milioni 25, mfanyabiashara huingia kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaohesabiwa kwa mauzo na si kwa faida, na kulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mjazaji akikutana na mteja wa aina hii mwishoni mwa Juni kwa mara ya kwanza, miezi kumi na miwili ya mwaka uliopita tayari imeshampita.

Wenye nyumba za kupangisha ni kundi jingine lenye shida ya kalenda. Kinoru na Makutano zimejaa ploti za vyumba, na nyingi ni za watu ambao kwa kila namna nyingine hujihesabu kuwa waajiriwa au wastaafu. Ushuru wa mapato ya kupangisha ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama yoyote, kwa mwenye kupokea zaidi ya 288,000 kwa mwaka, yaani wastani wa 24,000 kwa mwezi. Vyumba sita vya 5,000 vinakufikisha 30,000, na ushuru wake ni 2,250 kwa mwezi, nao pia kufikia tarehe 20. Mwenye nyumba anayesubiri Juni anakuwa amechelewa mara kumi na mbili.

Ni nani basi ritani ya sufuri inamfaa? Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru aliyefungua PIN kwa ajili ya HELB na hajawahi kulipwa na mtu. Mtu aliyekuwa nyumbani mwaka mzima uliopita bila ajira, biashara wala nyumba ya kupangisha. Hao ni wengi, na hawana haja ya kulipa mia mbili wala kupanga foleni. Ritani ya sufuri inaweza kujazwa kwenye simu kupitia programu ya KRA M-Service, au bila malipo kwenye madawati ya KRA. Hata baadhi ya wajazaji wenyewe huwaelekeza vijana huko, ili meza ibaki kwa wenye P9.

Wasichopaswa kufanya ni kuipuuza. Adhabu ya mtu binafsi anayechelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kipi ni kikubwa, kwa kila mwaka. Mhitimu aliyenyamaza miaka minne ana 8,000 zinazomsubiri, na huzigundua siku anapoitwa kwenye mahojiano ya kazi na kuitishwa cheti cha kutodaiwa ushuru pamoja na kile cha HELB na cha polisi cha maadili mema. Cheti hakitoki kama deni lipo.

Kwa walio katika hali hiyo, Juni 2025 ilikuwa na uzito kuliko nyingine. Msamaha wa ushuru ulioanza Desemba 27, 2024 uliisha Juni 30, 2025, siku ile ile ya ritani. Ulihusu adhabu na riba za vipindi vya hadi Desemba 31, 2023. Aliyekwisha kulipa ushuru wenyewe na kubakiwa na adhabu na riba tu alisamehewa bila kutuma ombi. Aliyedaiwa ushuru wenyewe alilazimika kutuma ombi kwenye iTax na kuulipa wote kufikia siku hiyo. Kama kulikuwa na ritani za miaka ya nyuma ambazo hazijawahi kujazwa, zilipaswa kujazwa kwanza.

Cha kubeba unapokwenda

Mteja anayempendeza mjazaji ni yule anayefika na karatasi. Aliyeajiriwa abebe P9 ya kila mwajiri aliyemlipa mwaka uliopita, hata kama ni kwa mwezi mmoja. Walimu walio chini ya TSC huchapa ya kwao kutoka kwenye mtandao wa payslip wa tume. Wa shule za kibinafsi lazima waiombe kwa mwajiri, na si vyema kungoja shule zifunge. Juu ya P9 kuna PIN ya mwajiri, ambayo bila hiyo ritani haikubaliki. Mwenye bima ya maisha au ya elimu abebe cheti cha malipo, kwa sababu kuna nafuu ya asilimia 15 ya alicholipa, isiyozidi 60,000 kwa mwaka. Mwenye mkopo wa nyumba abebe taarifa ya riba kutoka benki. Mwenye kesi za ushuru uliozuiliwa abebe vyeti vyake.

Kwa aliye na mshahara wa mwajiri mmoja tu, iTax siku hizi huleta tarakimu nyingi zikiwa zimejazwa, na kazi iliyobaki ni kuzilinganisha na P9. Zisipolingana, tatizo huwa kwa mwajiri: alikata pesa lakini hakuzituma, au alizituma kwa PIN isiyo sahihi. Mjazaji hawezi kurekebisha hilo kutoka Kinoru. Anachoweza ni kumwonyesha mteja pengo lilipo na kumrudisha kwa idara ya mishahara akiwa na nakala mkononi. Kubadilisha tarakimu ili "ziingie" ni kumfunika mwajiri kwa gharama ya mfanyakazi.

Kwa wenye biashara na mapato mchanganyiko, bado kuna lile jedwali la Excel ambalo hupakuliwa, likajazwa, likahakikiwa, na kugeuka faili la zip la kupakia tena kwenye mfumo. Kosa la herufi moja kwenye PIN ya mwajiri hulifanya likatae lote. Wanaoifanya kazi hii usiku, baada ya saiba kufungwa, huifanya kwa sababu ya jedwali hili: mchana wateja husubiri nyuma ya kiti, stima inaweza kukatika, na iTax yenyewe katika siku mbili za mwisho huenda kwa mwendo wa konokono kwa kuwa nchi nzima imo ndani.

Kabla ya kuinuka mezani, omba mambo mawili. La kwanza, risiti ya kukiri kupokewa kwa ritani, ambayo mfumo hutoa papo hapo, na uisome: ina PIN yako, mwaka wa mapato, na ushuru uliotajwa. Kama ulifanya kazi mwaka jana na risiti inaonyesha ritani ya sufuri, usiondoke. La pili, kama kuna ushuru wa kulipa, hati ya malipo yenye namba yake ya kumbukumbu, ambayo utailipia benki au kwa simu wewe mwenyewe. Usimwachie mjazaji pesa taslimu za ushuru akulipie baadaye, hata akiwa jirani.

Kaunti inaingia wapi

Baadhi ya wakazi hufika kwenye ofisi za kaunti wakiwa na barua za KRA, na wengine hudhani kuwa kibali cha biashara walicholipia kaunti ndicho ushuru. Sivyo. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaiachia serikali ya kitaifa pekee ushuru wa mapato, VAT, ushuru wa forodha na ule wa bidhaa. Kaunti hutoza ada za ardhi, vibali vya biashara, maegesho, ada za masoko na huduma nyingine. Mwenye duka anaweza kuwa amekamilisha yote ya kaunti na bado adaiwe na KRA, na kinyume chake. Kibali cha biashara cha saiba nacho kinamruhusu mwenyewe kuendesha saiba. Hakimfanyi kuwa wakala wa ushuru.

Aliyegundua, kwa kusoma haya, kwamba ritani zake za nyuma zilijazwa sufuri ilhali alikuwa na mapato, ana njia. iTax inaruhusu kuwasilisha ritani iliyorekebishwa kwa miaka mitano ya nyuma, na ni afadhali mno mtu ajirekebishe mwenyewe kuliko kungoja kuandikiwa. Kituo cha simu cha KRA ni 0711 099 999. Kwa wajazaji wengi wa Kinoru, wiki ya kwanza ya Julai ndiyo nzuri zaidi kwa kazi ya aina hiyo: foleni imekwisha, mtandao umepata nafuu, na kuna muda wa kuuliza maswali yote. Ila ritani ya mwaka uliopita yenyewe isingoje Julai.